Kabla hatujauliza mji wa pwani una wezi wangapi, tuulize kwanza ulikuwa na watu wangapi

Kila msimu wa likizo ukikaribia lazima itoke orodha ya miji hatari, na mara nyingi kule juu kwenye orodha unakuta kuna mji wa pwani, tena mdogo tu, ambao ukiutaja watu wanafikiria mchanga na mawimbi, hakuna anayefikiria visu. Halafu ugomvi unaanza. Wenyeji wanakasirika, wenye hoteli wanasema ni uzushi wa kuwaharibia biashara, na waliowahi kuibiwa huko wanasema afadhali mmesema ukweli. Nimefuatilia hii mijadala miaka mingi na nimefika mahali naona wote wanagombania namba ambayo hakuna aliyeifungua akaangalia ndani kuna nini.

Hebu tuifungue. Kiwango cha uhalifu kinatengenezwa hivi: unachukua matukio yote yaliyoandikwa polisi kwa mwaka mzima, unagawa kwa idadi ya wakazi, unazidisha kwa 1,000 au kwa 100,000, basi. Sasa angalia nani yuko juu na nani yuko chini. Kule juu kuna kila tukio, liwe limemkuta mzee aliyezaliwa hapo au mgeni aliyekuja siku mbili kuogelea. Kule chini kuna wakazi peke yao, wale waliohesabiwa kwenye sensa. Yaani mgeni akiibiwa anaongeza uhalifu, ila kwenye idadi ya watu hayumo kabisa, ni kama hakuwahi kukanyaga pale.

Kwa mji wa bara ambao watu wanaingia na kutoka kidogo kidogo hilo halina shida sana. Kwa mji wa pwani ni shida kubwa. Chukua Ocean City, ule mji wa Maryland huko Marekani, wakazi wake wa kudumu hawafiki 7,000, lakini wikiendi ya majira ya joto watu waliopo wanapita 300,000, manake kila mkazi mmoja ana wageni zaidi ya 40 nyuma yake, na hao wote wana simu, wana pochi, wengine wanakunywa na wengine wanapigana. Ukiyabeba matukio ya watu laki tatu ukaja kuyagawa kwa watu elfu saba utapata namba ya kutisha na wala haitakuwa na uhusiano na hatari anayoishi nayo mtu wa pale.

Mfano uliobishaniwa zaidi ni Atlantic City, New Jersey, nao uko baharini. Kasino ya kwanza ilifunguliwa Mei 1978, baada ya hapo uhalifu kwa kila mkazi ukapaa, na kwa miaka mingi ukawa ushahidi mkononi mwa kila anayepinga kasino. Sensa ya 2020 ilikuta wakazi kama 38,500 tu, wakati wageni ni mamilioni kwa mamilioni kila mwaka. Watafiti walipokuja kuirudia hesabu na kuwaingiza wageni kule chini, sehemu kubwa ya lile ongezeko ikayeyuka. Wizi ulikuwepo kweli, hakuna aliyeutunga, ila walioibiwa na wale waliohesabiwa kule chini walikuwa watu tofauti.

Sasa hapa najua mwenye hoteli atashangilia, atasema si mnaona, mji wetu uko salama, ni hesabu mbaya tu. Hapana, asikimbilie huko. Kwanza hata huyo mgeni huwezi kumhesabu sawasawa na mkazi, manake amekaa siku mbili na mkazi amekaa siku 365, kwa hiyo ukitaka haki kabisa uhesabu masaa ya watu na sio vichwa. Na pili, aliyepasuliwa kichwa nje ya baa hapoi kwa kuambiwa tumegawa vibaya. Kidonda chake ni kilekile. Ninachosema mimi ni kwamba hiyo namba moja inawadanganya watu wa pande zote mbili, anayeogopa na anayejitetea.

Na kuna ule mtego wa miji midogo, nao nauona kila mwaka. Mji una watu 5,000. Mwaka huu kumetokea mauaji ya mtu mmoja, labda ndugu wawili waligombania urithi. Ukipiga hesabu kwa watu 100,000 unapata 20, wakati wastani wa dunia kwa takwimu za Umoja wa Mataifa za mwaka 2021 ulikuwa 5.8. Kwa hiyo kwa msiba mmoja wa familia moja mji mzima umekuwa hatari zaidi ya mara tatu ya dunia! Mwaka unaofuata hakuna mauaji, unakuwa mji salama kuliko yote. Wakifa wawili mwaka wa tatu hapo hata asilimia ya ongezeko haiandikiki, na gazeti litaandika tu kwamba hali imekuwa mbaya. Namba ndogo huwa zinarukaruka hivyo, na mtu anayepanga miji kwa orodha bila kusema hilo anawaonea watu waliokwisha kupata msiba wao.

Lakini tuache kwanza namba ya chini, twende kule juu, kwenye matukio yenyewe, manake huko nako kuna mambo na mimi mwenyewe yamenikuta.

Miaka kadhaa nyuma nilikuwa bichi, mchana kweupe, watu kibao. Nikaweka begi chini ya taulo, simu nikaichomeka ndani ya kiatu nikaikandamizia soksi juu, ule ujanja ambao kila mtu anadhani ameubuni yeye. Nikaingia majini dakika ishirini hivi. Niliporudi taulo lilikuwa limekunjwa vilevile nilivyoliacha, begi lipo, ila kiatu kimoja kimelala ubavu na soksi iko kwenye mchanga. Nikaenda kituoni bado nina chumvi mgongoni. Askari wa kaunta wala hakuwa mkali, alikuwa amechoka tu, akaniuliza ndugu yangu, umemuona aliyechukua? Nikasema hapana afande, nilikuwa majini. Kuna aliyemuona? Nikasema sijui. Akasema basi hatuwezi kusema imeibiwa, tunaandika imepotea. Nikamwambia afande, simu haiwezi kutoka yenyewe ndani ya kiatu. Akaniangalia akasema unataka karatasi ya kurudishia laini yako au unataka kesi? Nilitaka karatasi. Nikasaini. Imepotea.

Ilinichukua muda kuelewa nilichosaini. Katika takwimu za mwaka ule za mji ule mimi simo. Yule mwizi naye hayumo. Na nyuma yangu kwenye benchi kulikuwa na watu wengine watatu wa mchana uleule, wawili kati yao walikuwa pekupeku, na sidhani kama wao waliandikiwa tofauti. Simlaumu sana yule askari, kesi ya wizi ikifunguliwa inamfuata, ataulizwa umefikia wapi, na mlalamikaji mwenyewe keshokutwa anapanda basi kurudi kwao na harudi kutoa ushahidi. Hii ni shida ya kweli ya miji ya wageni ambayo watu hawaizungumzii, kwamba aliyeibiwa na shahidi wake wote wanaondoka na kesi inabaki haina mtu. Ila ukijumlisha karatasi kama ile yangu msimu mzima unapata mji ambao simu zinapotea tu kama majani yanavyodondoka.

Na msidhani ni huko nilikokuwa mimi peke yake. Uingereza, wanaojisifu kwa takwimu, wakaguzi wa polisi walipoingia kwenye vitabu vya England na Wales mwaka 2014 waligundua asilimia 19 ya uhalifu ulioripotiwa haukuandikwa kama uhalifu, yaani zaidi ya matukio 800,000 kwa mwaka, na hao ni watu waliojisumbua kwenda kuripoti. Wasioripoti ni wengi zaidi. Ndio maana nchi nyingine zinapita nyumba kwa nyumba kuuliza watu wamefanyiwa nini, Marekani wamefanya hivyo tangu miaka ya 70 mwanzoni, England na Wales tangu 1982, na kwa Marekani jibu limekuwa lilelile kila mara, kwamba uhalifu wa kumdhuru mtu unaofika polisi hauzidi nusu au unaizidi kidogo, na wa mali ni kama theluthi.

Sasa fikiria hilo maana yake nini. Mji ambao polisi wake wanaandika kwa uaminifu, na wananchi wanawaamini wanakwenda kuripoti, utaonekana mbaya kwenye orodha. Mji ambao watu wamekata tamaa na kaunta inaandika imepotea utaonekana salama. Hata ikitokea kituo kimeletewa mtu anayesikiliza kesi za wanawake vizuri, taarifa za ubakaji zitapanda mwaka uleule, na atatokea diwani aseme hali imeharibika. Kumbe pengine ndo mara ya kwanza hali inaonekana.

Waliolitatua hili kwa njia niliyoipenda zaidi ni watu wa Cardiff, mji mkuu wa Wales, nao ni wa bandari. Kuna daktari anaitwa Jonathan Shepherd, mpasuaji wa kinywa na taya, kazi yake ilikuwa kushona nyuso za watu waliopigwa chupa na glasi usiku wa wikiendi. Akagundua kwamba wengi wa wale anaowashona polisi hawawajui, hawamo kwenye kitabu chochote. Ukisikiliza walichofanya utaona kama ni kitu kidogo mno: pale mapokezi ya idara ya dharura karani akaongeza maswali machache, umepigiwa wapi, saa ngapi, kwa kitu gani. Jina haliendi popote. Hizo taarifa zinapelekwa polisi na halmashauri, wanakaa pamoja wanaangalia ni baa ipi, kona ipi, saa ipi, halafu wanahamisha doria, wanawabana wenye baa, wanasukuma glasi za kawaida ziondolewe kwenye sehemu zenye ugomvi. Utafiti uliochapishwa 2011 ulilinganisha Cardiff na miji mingine inayofanana nayo, Cardiff waliolazwa kwa kupigwa walishuka kutoka 7 hadi 5 kwa kila watu 100,000 kwa mwezi, na kule kwingine wakati huohuo walipanda kutoka 5 hadi 8.

Napenda ule mfano manake haukuanza kwa kuuliza mji ni hatari kiasi gani. Uliuliza wapi na saa ngapi.

Na ukiuliza hivyo unakuta kwamba hatari haijasambaa kama siagi. Mwaka 1989 watafiti walichapisha matokeo ya Minneapolis, mji wa Marekani, walichukua simu zote zilizopigwa polisi mwaka mzima wakaziweka kwenye anwani, wakakuta anwani kama asilimia 3 tu ndo zinatoa nusu ya simu zote. Tangu hapo imerudiwa miji mingi na picha ni ileile. Kwa mji wa pwani mimi naamini ni zaidi, manake mji wenyewe umejipanga kwa mstari, kila kitu kimeelekea majini, watu wote wanamwagika kwenye njia moja, baa ziko bega kwa bega, na mitaa miwili nyuma yake kumelala kimya. Ukisema mji mzima ni hatari umemtukana bibi wa mtaa wa nyuma ambaye hajawahi kufunga mlango kwa kufuli, na umemsaidia yule mwenye baa ya kona ambaye ugomvi wote unatokea mlangoni kwake, manake aibu yake imegawanywa kwa mji mzima.

Newcastle ya Australia, sio ile ya Uingereza, walifanya kitu kuhusu hizo kona. Huo ni mji wa bahari wenye bandari ya makaa ya mawe, na katikati ya mji baa zilikuwa wazi mpaka saa 11 alfajiri. Machi 2008 baa 14 zikaamriwa zifunge saa 9 usiku, na kuanzia saa 7 usiku ukitoka ulimokuwa huruhusiwi kuingia baa nyingine, kwa hiyo ule msururu wa walevi wanaohama kutoka mlango mmoja kwenda mwingine ukakatika. Baadaye masaa yakasogezwa mbele nusu saa. Wenye baa walilalamika sana, walisema mji utakufa. Mapigano ya usiku yakashuka zaidi ya theluthi ukilinganisha na mtaa wa jirani wa Hamilton ambao haukuwekewa masharti yale, na huko Hamilton hayakuongezeka kama watu walivyoogopa. Hakuna kijana aliyebadilika tabia kwa mwezi mmoja. Kilichobadilika ni saa ya kufunga.

Kwa nini pwani hasa? Mwaka 1979 wataalamu wawili wa Marekani, Cohen na Felson, walieleza kwamba wizi unahitaji vitu vitatu vikutane mahali pamoja kwa wakati mmoja: mtu mwenye nia, kitu cha kuchukuliwa, na kukosekana kwa anayeangalia. Mimi sijaona mahali duniani ambapo hivyo vitatu vinakutana kirahisi kama bichi. Mtu anavua kila alichonacho, anakirundika juu ya kitambaa, anakipa mgongo, anaingia majini ambako kama ni wa macho dhaifu hata hakioni, na majirani zake ni wageni wasiojua begi la nani ni la nani. Mtu akija akainama akaokota, anaonekana kama mwenye nacho. Hahitaji kuvunja wala kutishia.

Anayeangalia ni nani basi? Hapa nina jambo linaniuma. Kwenye bichi nyingi macho ya kweli ni ya wale wanaoshinda pale kutwa, wauza vinywaji, wakodishaji miavuli, wapiga picha, vijana wa boti. Hao wanajua sura. Wanajua nani amekuja kuogelea na nani amekuja na begi tupu. Halafu kila baada ya muda mamlaka za miji ya namna hii zinaamua kusafisha bichi, zinawafukuza hao watu kwa hoja kwamba wanasumbua wageni na kwamba miongoni mwao kuna vibaka. Inawezekana wapo. Ila ukiondoa watu hamsini wanaojulikana kwa majina umeondoa macho mia moja, na kamera mbili kwenye nguzo haziwezi kumuuliza mtu wewe kijana hilo begi ni lako? Ningependa kila mpango wa usalama wa bichi uanze kwa kukaa na hao watu na kuwapa vitambulisho, na hilo la kuwafukuza lisiwepo mezani kabisa.

Hofu ya vijana nayo ina historia ndefu pwani. Pasaka ya 1964 pale Clacton, mji mdogo wa bahari Uingereza, hali ya hewa ilikuwa baridi na mvua, vijana wa makundi mawili, wa pikipiki kubwa na wa skuta, wakakosa cha kufanya, wakaanza kusukumana na kuvunja vioo. Walikamatwa 97. Magazeti yakaandika kama vita vimefika nchini. Baadaye hasara yote ilipohesabiwa ilikuwa pauni 513. Lakini kishindo kilishapigwa, na mwezi wa tano Margate na Brighton polisi walikuwa wanawasubiri vijana, magazeti yanawasubiri, na vijana wenyewe walishasoma kwamba huko kuna vita, wakaja. Na msako wenyewe unazaa namba: ukikamata vijana mia kwa uzururaji na kwa kukutwa na misokoto, umeongeza makosa mia kwenye kitabu, mwakani watu watasoma uhalifu umepanda na wataomba msako mwingine.

Halafu kuna msimu. Adolphe Quetelet, mtaalamu wa takwimu wa Ubelgiji, miaka ya 1830 alishaona kwenye vitabu vya Ufaransa kwamba makosa ya kudhuru watu yanapanda kiangazi na ya mali yanapanda baridi. Mji wa pwani unaishi hilo mara mbili. Msimu ukiwa juu ni ugomvi, ulevi, simu na pochi. Msimu ukiisha taa zinazimwa, nyumba za wenye nazo zinafungwa miezi, na hapo wizi mwingine unaanza, wa polepole, mtu anaingia nyumba haina mtu anabeba televisheni leo, pampu ya maji wiki ijayo, hakuna wa kumkurupusha. Mwenye nyumba anakuja miezi minne baadaye anakuta mlango umevunjwa, anaripoti siku hiyo, na kitabu kinaandika tukio la siku hiyo. Kwa hiyo kwenye grafu utaona wizi wa nyumba unapanda wageni wanapoanza kurudi, na utaambiwa wezi wamekuja na msimu, kumbe waliiba zamani na kinachorudi ni macho ya wenye nyumba.

Nirudi kwenye neno lenyewe usalama, manake tumelibana sana kwenye wizi. Mwaka 2021 duniani waliouawa na binadamu wenzao kwa makusudi walikuwa kama 458,000. Mwaka huohuo waliokufa maji walikuwa karibu 300,000, na waliokufa barabarani milioni 1.19. Mgeni akifika mapokezi anauliza hapa kuna vibaka? Sijawahi kumsikia anayeuliza mkondo unaorudi baharini uko upande gani. Na huo mkondo unaua watu wazima wenye nguvu. Maji yanayoletwa na mawimbi lazima yarudi, yanatafuta pengo, yanatoka kwa kasi, na pale pengo lilipo juu yake panaonekana pametulia, mawimbi hayavunjiki, kwa hiyo mama mwenye watoto anachagua pale pale kwa sababu panaonekana salama. Ukibebwa usipambane kurudi moja kwa moja, utachoka kabla hujafika, ogelea kwa ubavu sambamba na ufukwe mpaka utoke kwenye ule mstari ndio urudi. Bendera nyekundu na njano kwa pamoja maana yake waokoaji wanaangalia katikati yake, oga hapo. Mji ambao umeajiri walinzi wenye mbwa kuzunguka hoteli na haujaajiri muokoaji hata mmoja umeamua kulinda pochi kabla ya watoto, na hakuna orodha ya miji hatari itakayouweka juu kwa sababu hiyo.

Na taa. Mwaka 2016 New York walichagua kwa bahati nasibu baadhi ya makazi ya umma wakayawekea minara ya taa kali, mengine wakayaacha, wakalinganisha. Uhalifu mkubwa wa nje wakati wa usiku ukashuka kwa karibu asilimia 36 kwenye yaliyowekewa. Kwa hiyo taa si urembo. Lakini nenda mji wowote wa pwani unaotegemea wageni, utembee usiku kando ya bahari uangalie taa zinaishia wapi.

Mimi niliwahi kutembea hivyo na wafanyakazi wa zamu ya usiku wa hoteli moja, wanawake watano wa jikoni na wa kufua mashuka, wametoka saa 8 usiku. Kutoka mlango wa nyuma mpaka mwisho wa uzio kulikuwa na taa kila hatua kumi, minazi imewekewa taa mpaka kwenye shina. Uzio ulipoisha na taa zikaisha. Wakasimama pale pale penye mwanga, bila kuambizana, kila mmoja akavua viatu akavishika mkononi. Nikauliza kwa nini, aliyekuwa mkubwa kuliko wote akasema kaka, na viatu huwezi kukimbia, na pia vinapiga kelele. Tukaenda kilometa mbili gizani, wamenibana katikati kwa sababu nilikuwa mgeni wa njia. Kwenye miaka sita ya ile njia yeye hajawahi kushambuliwa, aliniambia hivyo kwa kushukuru Mungu. Mwenzake mmoja alishaacha kazi kwa ajili ya hiyo njia. Hakuna aliyekwenda kituoni, wangeripoti nini?